Kama kiwanja ni changu, mbona nalipa pango? Mwongozo wa kuchimba asili ya neno lililo kwenye hati yako

Itoe hati ya kiwanja ilipofichwa. Kama iko kwa mama au shangazi, iombe kwa adabu na uiombe mchana, maana wazee wa Dar es Salaam hawaiachii karatasi hiyo kirahisi. Nyingine imelala chini ya godoro, nyingine ndani ya sanduku la kanga za harusi, karibu zote zikiwa kwenye bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Juu kabisa utakuta maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa: CERTIFICATE OF OCCUPANCY. Sisi mtaani tunaiita hati miliki, na wengi tunadhani tumetafsiri tu. Hatukutafsiri. Tumeongeza kitu ambacho Kiingereza hakikukisema.

Aliyenifanya nilitazame neno hili ni shangazi yangu wa Sinza. Alikuwa ameletewa ankara ya kodi ya pango la ardhi, akavaa miwani, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza: "Baba, hiki kiwanja si changu? Sasa hili pango namlipa nani?" Nilicheka kwanza. Baadaye nikaona sina jibu.

Njia niliyoifuata kumtafutia jibu ndiyo hii. Itakufaa hata kwa maneno mengine ya zamani ya kisheria, kama wakfu au rehani, ila hapa nitashika hili moja la kwenye hati. Jambo moja kabla hatujaanza: ninayoyasema ni ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake.

Hatua ya kwanza: nakili neno kama lilivyo, na tarehe yake

Usianze na kamusi, anza na karatasi. Chukua daftari uandike neno lenyewe kwa lugha lililoandikiwa, namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, muda wa umiliki, na tarehe muda huo ulipoanza kuhesabiwa. Tarehe ndiyo muhimu kuliko vyote, kwa sababu neno la kisheria hubeba maana ya sheria iliyokuwa ikitumika siku lilipoandikwa. Hati ya 1965, ya 1985 na ya 2005 zinaweza kuwa na neno lile lile juu, na chini yake kuna sheria tofauti.

Hakikisha pia unayoishika ni hati. Ofa, yaani barua ya toleo, ni ahadi ya kupewa kiwanja kwa masharti. Bado si hati. Leseni ya makazi ni kitu kingine kabisa, cha muda mfupi, kilichobuniwa kwa ajili ya maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha kwamba fulani amemuuzia fulani, basi.

Hapa ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza. Hati ya shangazi ilisema miaka 33 kuanzia tarehe 1 Julai 1990. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa simu. Muda ulikwisha tarehe 30 Juni 2023, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa ameliona. Ukikuta hivyo kwenye hati yenu, weka mwongozo huu pembeni, nenda ofisi ya ardhi ukaulizie kuhuisha umiliki, kisha urudi tuendelee.

Hatua ya pili: lipasue neno

Sasa leta kamusi. Tenganisha kila kipande cha "hati ya haki ya kumiliki", yaani hati miliki kwa jina lake refu, ukitazame peke yake.

Hati imetoka Kiarabu, khatt, yaani mstari au mwandiko. Kwa asili yake, basi, hati ni maandishi tu. Nguvu inatoka kwa aliyeyaandika. Haki nayo ni haqq. Miliki inatokana na milk, na hapa ongeza umakini, kwa sababu katika sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyoleta msamiati huu pwani yetu, wanazuoni hutofautisha kumiliki kitu chenyewe, raqaba, na kumiliki matumizi yake, manfaa. Mtu anaweza kuwa na kimoja asiwe na kingine. Neno letu manufaa limetoka mzizi huo huo wa pili. Lakini Mswahili wa kawaida akisema "namiliki", hatofautishi. Anamaanisha ni changu, nitakirithisha, na anayetaka kukigusa aje tuonane.

Geukia upande wa Kiingereza. Neno occupancy limetoka Kilatini, occupare, kushika au kutwaa, na katika matumizi ya kawaida ni kukalia mahali. Hakuna umiliki humo ndani. Ukilitafsiri bila upendeleo, hati ya shangazi ni cheti cha haki ya kukalia ardhi. Ukiuliza kwa lugha ya wanazuoni, imekaa karibu zaidi na manfaa kuliko raqaba.

Kisha pasua neno ambalo halimo kwenye hati lakini limo kwenye ankara: pango. Hili halijatoka Arabuni wala Ulaya. Ni kutokana na kupanga, kama anavyopanga mtu chumba Manzese. Aliyeipa kodi ya ardhi jina la kodi ya pango alikuwa mkweli kuliko aliyeipa hati jina la miliki. Usiichanganye na kodi ya jengo, ile ambayo tangu 2021 inakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Kodi ya jengo inatozwa kwa kuwa una nyumba, na pango kwa kuwa nyumba yako imekaa juu ya ardhi ya umma.

Hatua ya tatu: soma kifungu cha tafsiri

Kila sheria, karibu na mwanzo, ina kifungu kinachoeleza maneno yake. Huko ndiko maana halali iliko, na kamusi yoyote inayopingana nako imeshindwa. Sheria unayoihitaji ni Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, ambayo katika mkusanyiko wa sheria zetu ni Sura ya 113. Ilianza kutumika Mei 2001 pamoja na dada yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Inapatikana bure mtandaoni kwenye tovuti ya TanzLII.

Mtego: ukitafuta kwa neno "hakimiliki" utajikuta kwenye mambo ya wanamuziki na COSOTA, kwa sababu Kiswahili kimelipa neno hilo kazi ya kulinda nyimbo na vitabu pia. Tafuta kwa namba ya sura.

Ukifika kwenye tafsiri utakuta kwamba haki ya kumiliki ardhi, kwa Kiingereza right of occupancy, maana yake ni uhalali wa kutumia na kukalia ardhi, ikiwemo haki ya raia wa Tanzania mwenye asili ya Afrika, au jumuiya ya raia hao, wanaoitumia au kuikalia ardhi kwa mujibu wa sheria za kimila. Nakili maneno hayo, kutumia na kukalia, tutayakuta tena. Kisha nenda kifungu cha 4, kinachosema ardhi yote ya Tanzania itaendelea kuwa ya umma na imewekwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Halafu kifungu cha 32, kinachoweka kikomo cha miaka 99 kwa muda wa umiliki. Kwa hiyo 33 ya shangazi, 66 na 99 ambazo watu huzitaja vijiweni zote zinaingia humo.

Ukiona Kiingereza kinakuelemea, tafuta kijana anayesoma sheria akusomee, umnunulie chipsi. Sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi, na ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipobadilisha na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria.

Hatua ya nne: rudi nyuma, sheria moja baada ya nyingine

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo tamu. Kanuni yake ni kwamba kila sheria mpya inataja ile ya zamani inayofutwa au kubadilishwa nayo. Ishike hiyo, ukifika huko uulize tena.

Kutoka 1999 utarudi hadi 1969, serikali ilipogeuza mikataba ya upangaji wa ardhi ya serikali kuwa haki za kukalia. Mikataba hiyo yenyewe ilizaliwa 1963, pale umiliki huru wa milele, ambao walikuwa nao hasa walowezi na makampuni tangu enzi za Wajerumani, ulipogeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99. Kama babu yako alinunua nyumba ya zamani Upanga au mitaa ya Uhindini, unaweza kukuta bahasha moja ina karatasi za vizazi vyote vitatu. Usizitupe zile za zamani.

Kwa nini umiliki wa milele ulifutwa? Rudi hadi 1958. Serikali ya kikoloni ilipendekeza Waafrika nao waruhusiwe kumiliki ardhi kwa milele, na kwa masikio ya leo hilo linasikika kama ukarimu. Nyerere aliandika kulipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikishakuwa bidhaa, wenye fedha wataimaliza kuinunua na wengine watabaki wapangaji katika nchi yao. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, na mimi nikipita Masaki huwa nabadili msimamo mara mbili kabla sijafika mwisho wa barabara, lakini bila hoja hiyo hati yako ingekuwa na neno lingine juu.

Endelea kurudi. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria ya ardhi ya Tanganyika, na hapa ndipo neno letu linapoingia nchini. Ukitaka kuelewa kwa nini walichagua neno dogo namna hiyo, kumbuka Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Kule Kenya waliandika wazi "ardhi ya Taji" katika sheria yao ya 1915. Huku walikuwa wamekabidhiwa nchi na Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakiwa wadhamini, na walitakiwa kuzingatia mila za wenyeji katika mambo ya ardhi. Kwa hiyo walitangaza kwamba ardhi yote, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ya umma, chini ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Haki zilizopatikana kihalali kabla ya hapo ziliachwa. Mwenye kuhitaji ardhi angepewa haki ya kuikalia.

Neno lenyewe hawakulibuni hapa. Walilichukua Nigeria ya Kaskazini, ambako lilikuwa limeandikwa katika tangazo la ardhi na haki za wenyeji la mwaka 1910. Hapo ndipo niliposimama kidogo na daftari langu. Shangazi anayelipia pango Sinza ameshika neno lililopikwa kwa ajili ya watu wa Kano na Sokoto, likapakiwa meli, likashushwa bandarini kwetu.

Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili haki hiyo iwahusu pia wenyeji waliokuwa wakikaa kwa mila bila karatasi yoyote. Sasa fungua ulichokinakili hatua ya tatu. Maneno ni yale yale, kutumia na kukalia. Kilichobadilika ni kwamba palipokuwa na "mwenyeji" ya kikoloni pamewekwa "raia wa Tanzania mwenye asili ya Afrika". Bendera ilishuka, katiba zikabadilika, na tafsiri hiyo imekuja mpaka leo ikiwa karibu nzima.

Chini kabisa ya shimo kuna Wajerumani. Tarehe 26 Novemba 1895 mfalme wao alitoa amri kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni Kronland, ardhi ya Taji, isipokuwa pale mtu binafsi, mtawala wa kijadi au jumuiya ya wenyeji itakapoonyesha ina haki nayo. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao makuu yao kwa miaka minne tu, tangu 1891. Fikiria Mzaramo wa miaka hiyo anaambiwa athibitishe kwamba shamba alilopokea kwa baba yake lina mwenyewe. Kabla ya 1895 mtu hakuhitaji neno la kueleza hali yake juu ya ardhi. Aliambiwa ni ya fulani, na minazi ikashuhudia.

Hatua ya tano: nenda kwenye majengo yenyewe

Mtandao utakufikisha hadi 1999 vizuri, na kwa kubahatisha hadi 1923. Zaidi ya hapo itabidi upande daladala. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu unaweza kuingia hata kama si mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, kina mkusanyiko wa Afrika Mashariki ndani ya maktaba yake. Na Upanga kuna Nyaraka za Taifa, ambako mafaili ya enzi ya Wajerumani bado yapo, kwa Kijerumani. Huko ulizia masharti ya kibali kabla hujaenda, usije ukafika na kurudishwa mlangoni.

Nenda na swali moja lililoandikwa. Ukimwambia mtunza maktaba "nataka historia ya ardhi" atakuonyesha kabati zima. Ukimwambia "naomba sheria ya ardhi ya Tanganyika ya 1923 na marekebisho yake ya 1928" atainuka.

Hatua ya sita: waulize majaji

Maana ya neno hupimwa siku watu wanapogombana juu yake. Kesi ya kusoma kwanza ni ile ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwishoni mwa 1994. Chimbuko lake ni operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, ambapo watu walihamishwa na ardhi zao kugawiwa wengine. Baba na mwanawe walidai ardhi yao mahakamani wakashinda, kisha ikatungwa sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki za namna hiyo za kimila, bila fidia ya ardhi yenyewe.

Mahakama ilisema haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ikaeleza pia kwamba kiongozi aliyekabidhiwa ardhi ya umma ni kama mdhamini, na wanaodhaminiwa ni wenyeji. Kwa hukumu hiyo, "kukalia" kulipanda ngazi. Neno ni dogo, lakini mahakama imelijaza nyama.

Hukumu hiyo ilisema jambo jingine linalotuhusu mjini: hata asiyejenga wala kupanda chochote cha kudumu, kama ametoa jasho kwenye ardhi, anastahili fidia. Kwa muda mrefu msimamo wa serikali ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, na kinachouzwa ni maendelezo tu. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na sheria ya 1999 ndizo zilizokubali kwamba ardhi ina thamani.

Hatua ya saba: linganisha na karatasi za mtaani

Ukishajua hilo, zitazame upya karatasi za mauziano za zamani. Mimi niliona moja ya Mbagala, imeandikwa kwa mkono, na shahidi mmoja ni mjumbe wa nyumba kumi. Haikuuza kiwanja hata kidogo. Iliuza "minazi sita, miembe miwili na banda". Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mzee yule alikuwa anapenda sana miti. Kumbe alikuwa anaijua sheria kuliko mimi: ardhi hairuhusiwi kuuzwa, basi nauza kilichoota juu yake, na wewe mnunuzi mizizi utaifuata mwenyewe.

Kwa hiyo kaa chini na wazee uwaulize walikuwa wanaandikaje. Usiwaulize maana ya "haki ya kumiliki", watakujibu cha kwenye redio. Uliza, "Shikamoo mzee, ulipolinunua shamba hili, kwenye karatasi mliandika nini?"

Nilirudi Sinza na daftari. Nikamweleza shangazi kwamba neno la kwenye hati yake kwa asili ni kukalia. Kwamba ardhi ni ya umma, Rais ameishika kwa udhamini. Kwamba pango linakwenda serikalini. Na kwamba nyumba ni yake, haki ya kukaa ni mali yake, hakuna wa kumtoa bila kufuata sheria na kumlipa.

Akafikiri. "Rais anaishika kwa niaba ya nani?"

"Ya raia wote."

"Na mimi si raia?"

"Ni raia, shangazi."

"Basi najipangisha mwenyewe." Akakunja ankara, akaitia ndani ya bahasha pamoja na hati. "Na hiyo miaka yangu iliyokwisha, Jumatatu asubuhi unanipeleka. Uje na kalamu mbili."

Saa moja na nusu tulikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi, watu kumi na wawili mbele yetu, kila mmoja na bahasha yake ya kaki.